Jumamosi Zetu Ndani ya Ghala

Ghala lilinuka kahawa mbichi, dawa ya kuchua misuli na soksi za wanaume wazima. Kahawa yenyewe ilikuwa imeondolewa zamani, lakini harufu yake iligoma kuhama, ikakaa kwenye kuta na mabati kama mpangaji sugu. Kiwanda kilichomiliki ghala hilo, hapa Magongo, kilikuwa na timu ya mpira ya ligi kuu, na kila masika uwanja wao wa nje uligeuka kidimbwi ambacho bata wangekifurahia kuliko wachezaji. Basi mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi nikiwa na miaka kumi, meneja wa timu akaamua mazoezi yafanyiwe ndani. Walisimamisha magoli mawili ya mabomba, wakatandika sakafu nzima mazulia ya makumbi ya nazi. Ukianguka juu ya mazulia yale, goti lako lilibaki pale na wewe ukaenda nyumbani. Meneja, mtu wa bara ambaye tumbo lake lilifika kila mahali kabla yake, aliwaita watu wa mtaa akawaambia ghala ni letu sote: timu ikimaliza, mtaa uingie. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza ufunguo utakaa kwa nani.

Na mtaa uliingia kweli. Harusi zilizokuwa zikifanyiwa chini ya maturubai, mvua ikishuka hadi ndani ya sufuria za pilau, zilihamia ghalani. Kwaya ya kanisa ilipewa Jumatano jioni, ikaimba mpaka popo waliokuwa darini wakatafuta makazi mengine. Jumamosi asubuhi ilikuwa yetu sisi wasichana. Aliyetuombea ni Nyanya yangu, aliyenilea, ambaye kazi yake ilikuwa kupamba maharusi na kufukiza kumbi kwa udi kabla ya wageni kuingia. Meneja alimheshimu sana, na nadhani heshima hiyo ilikuwa na woga ndani yake. Nyanya alimwambia kwa ufupi kwamba wasichana nao wana miguu.

Asiyekulia mtaani kwetu hawezi kujua ghala lile lilikuwa nini kwetu. Msichana akicheza mpira uwanjani, alionwa na baba yake, na ami yake, na mwalimu wa madrasa, na muuza mahamri ambaye angepeleka habari nyumbani kabla mpira haujatua. Ghala lilikuwa na kuta nne na paa. Wasichana wakubwa kati yetu walitundika mabuibui yao kwenye misumari, chini wamevaa suruali za kaka zao, na mlinzi mzee akaweka kiti chake mlangoni, mgongo ukitutazama sisi na uso ukitazama barabara. Baba zetu waliambiwa tunakwenda kufagia ghala. Haikuwa uongo mtupu, kwa sababu kila mara tulifagia, vibaya sana, kwa dakika chache za mwisho. Mpira tuliochezea ulikuwa umestaafishwa na timu, umevimba upande mmoja, kwa hiyo ulikwenda ulikotaka wenyewe. Rafiki yangu Akinyi, ambaye baba yake alikuwa dereva wa lori bandarini, peke yake ndiye aliyeelewana nao. Mimi nilikuwa winga wa kulia, nikikimbia sana na kufika mahali pasipo na mpira.

Mpira huo tulipewa na Mbwana, kipa wa timu. Alikuwa mtoto wa mtaani kwetu, nyumba ya tatu kutoka yetu, mrefu kiasi kwamba akipita nje ya dirisha letu tulimwona kifua tu. Alitupatia pia glovu zake kuukuu. Tulimpenda kiasi cha kugombana nani atambebea mfuko. Tulipomuuliza kwa nini hupiga magoti na kubusu mlingoti kabla ya mechi, alisema mlingoti ni mke wa kwanza, lazima abembelezwe.

Msimu huo shangazi yangu Rukia aliolewa, na harusi ikafanywa ghalani siku ya Ijumaa. Jumapili yake timu ilikuwa na mechi kubwa ya ugenini, ya kuamua kama itabaki ligi kuu au itashuka. Ijumaa adhuhuri nilikuwa nimemshikia Nyanya mkebe wa udi, naye akizunguka na chetezo cha makaa kila pembe, moshi ukipanda mabatini. Mbwana akaja, akasimama akipindapinda kofia yake.

"Shikamoo, Nyanya. Nilikuwa naomba ufukize na goli langu."

"Marahaba. Goli lako linaolewa na nani?"

"Nyanya, usinicheke. Jumapili kule hapatakuwa na mzaha."

"Mimi si mganga, Mbwana. Mimi natia harufu nzuri, basi. Watu wakae wasinukiane makwapa."

"Hiyohiyo harufu, Nyanya. Moyo wangu utatulia."

Alimsihi mpaka Nyanya akachoka. Akatembea hadi golini, akapitisha chetezo kati ya milingoti, akamwombea kijana afya na riziki, na kaa moja likaanguka likatoboa zulia tundu la ukubwa wa sahani ya chai. Mbwana akacheka, akasema ni dalili njema. Usiku ule alikula sahani mbili za pilau, na ya tatu akamchukulia mama yake.

Jumapili walifungwa mabao matatu, moja likapita katikati ya miguu ya Mbwana kama kuku anayerudi bandani. Timu ikashuka. Jumatatu wachezaji walipoingia ghalani waliona tundu lile mbele ya goli, majivu yakiwa bado yananukia, na habari ikatoka nje mbio kuliko winga yeyote: wanawake wa mtaa wameifunga timu. Meneja hakuwa mtu wa kuamini uchawi, lakini alikuwa mtu wa kuhitaji sababu, na wakubwa wake wa kiwanda walikuwa wakiidai siku hiyohiyo. Akatuita sote ghalani, wachezaji upande mmoja, mtaa upande mwingine.

"Mbwana, goli ni lako," akasema. "Nani aliwasha moto hapa?"

Mbwana aliinama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Sijui, bosi. Ilikuwa harusi yao."

Yao. Nilifungua mdomo, na Nyanya akanifinya mkono kwa kucha zake zote. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza sukari dukani, "Udi ni wangu na mkono ni wangu." Jioni ile mlango ulifungwa kwa kufuli lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Harusi zikarudi chini ya maturubai, kwaya ikarudi kwenye benchi zake, na sisi hatukuwa na pa kurudi. Jumamosi iliyofuata tulikwenda vilevile. Mlinzi alitutazama, kisha akageuza kiti chake akaelekeza uso ukutani.

Nililia nikamuuliza Nyanya kwa nini hakusema kwamba Mbwana mwenyewe ndiye aliyemwomba. Alikuwa akichagua mchele, wala hakuinua macho.

"Kile kiwanda kimemwajiri kwa ajili ya goli. Ningesema, kibarua chake kingeota nyasi kesho yake. Ana mama mgonjwa yule."

"Na sisi?"

"Nyinyi mtasoma," akasema.

Basi nasoma. Niko kidato cha tatu, nimeandikwa makosa na mwalimu wa zamu mara nyingi kuliko nilivyoandika insha, na kwenye saa ya michezo wavulana hupewa uwanja na mpira, sisi hupewa pete moja ya netiboli iliyopinda na ukuta uliojaa watazamaji wasioalikwa. Akinyi aliozwa mwaka jana. Kiwanda kiliivunja timu misimu miwili baada ya kushuka, Mbwana akaachishwa kazi pamoja na wenzake wote, na ghala likakodishwa kwa mfanyabiashara wa mitumba. Kwa hiyo Nyanya alimnunulia misimu miwili, na aliyelipa ni sisi. Nikimwambia hivyo hunijibu nikamletee maji.

Siku hizi Mbwana anauza madafu karibu na stendi. Mimi humpita bila kumwamkia, utovu wa adabu ambao nimeufanyia mazoezi kuliko mchezo wowote. Wiki iliyopita aliniita kwa jina, akaacha panga juu ya dafu. Pembeni yake msichana wa miaka sita hivi alikuwa akipiga kumbi la nazi kwa mguu wa kushoto, safi, likigonga gurudumu la mkokoteni kila mara.

"Binti yangu," akasema. "Hatulii. Nilikuwa nataka kukuuliza, wewe unajua mambo haya. Siku hizi wasichana wanachezea wapi?"

Nilikuwa na vichekesho tayari, kama kawaida yangu, vingine vikali vya kumtosha mtu mrefu kama yeye. Mtoto alikuwa ameacha kupiga kumbi lake, ananitazama akisubiri nitaje mahali.