Chujio la Pili kwenye Pikapu ya Mifugo

Walisema sitaweza. Nianze hapo, mwanangu, maana leo unaniona nina nyumba ya bati na cheti kwenye fremu ukutani, ukadhani njia ilikuwa tambarare. Niliporudi Bariadi kutoka Dar es Salaam na stashahada yangu ya ufundi mitambo, wa kwanza katika ukoo wetu mzima kuipata, wazee waliokaa barazani kwa Mzee Hamisi mwenye duka waliniangalia kama ndama aliyezaliwa na miguu mitano. Mmoja alisema mtoto wa kijiji cha Nkololo aliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe hawezi kuponya gari la dizeli. Mzee Hamisi mwenyewe, huku akipimia watu sukari ya foleni, alisema kwa ule upole wake unaouma, "Karatasi haiwashi gari, mjukuu wangu."

Niliweza. Nasema hivyo bila haya, na mashahidi wapo. Lakini iko siku moja inayonirudia kila nikisikia injini inakohoa, na hiyo ndiyo nataka kukupa leo, si zile nilizoshinda.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu sisi tuliijua kama mto tu. Nilikabidhiwa pikapu ya idara ya mifugo, gari la dizeli, imara, lenye ugonjwa mmoja usiokwisha. Dizeli ilitufikia kwa mapipa. Mapipa yale yalikuwa yamezunguka nchi nzima, ndani yana kutu, chini yana maji, na uchafu mwembamba kama vumbi la tumbaku. Gari lilikuwa na chujio moja. Lilizuia takataka kubwa, lakini zile ndogo zilipita, zikala pampu, zikaziba nozeli zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini. Kila baada ya miezi michache gari lilitoa moshi mweusi na kukataa mlima. Na vipuri, mwanangu, jibu la vipuri siku hizo lilikuwa neno moja: hakuna.

Mimi nilijua dawa yake, maana niliisoma. Unaongeza chujio la pili, jembamba kuliko la kwanza. La kwanza linazuia mchanga, la pili linazuia kile ambacho jicho halikioni, na pampu inakunywa dizeli safi. Nilipata kikombe cha chujio kwenye trekta lililokufa la kijiji kimoja kule Sola, nikakifunga kwenye pikapu kwa mikono yangu, nikachonga kishikizo, nikapinda bomba la shaba bila kulivunja. Mafundi wengi hawawezi kulipinda hivyo hata leo. Kilichokosekana ni chujio lenyewe la kukaa ndani ya kikombe. Nikawaza: mimi ni mtu wa nchi ya pamba, nitashindwaje kupata kitu chembamba cha kuchujia? Nikaenda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nikaomba pamba safi iliyokwisha kutolewa mbegu, nikaishindilia kikombeni kwa bisibisi mpaka ikakaza.

Pale kiwandani alikuwepo fundi wa mashine aliyeitwa Masanja. Darasani hakukaa hata siku moja. Tulimwita namhala, yaani mzee wa kuheshimiwa, ingawa kwa miaka hakuwa amefika mbali sana. Aliniona nikibeba pamba, akauliza naipeleka wapi. Nilimweleza kwa maneno marefu kidogo kuliko yaliyohitajika. Akasikiliza, akasugua kidevu, akasema pamba hainywi dizeli peke yake, hunywa na maji, na ikinywa maji huvimba. Tena nyuzi zake hazitulii nyumbani. Nikacheka. Nikamwambia, "Namhala, hayo tumeyasoma."

"Vizuri," akasema. "Basi lijaribu siku ya kwenda kuchota maji, si siku ya kwenda kuita mganga."

Nililijaribu siku tatu mjini, kwa dizeli niliyokuwa nimeituliza vizuri. Injini iliimba. Nilipita mbele ya duka la Mzee Hamisi mara nne, mara tatu bila safari yoyote.

Sasa sikiliza kilichotokea ndani yangu, maana hapo ndipo penye jambo. Kabla ya chujio la pili nilikuwa na mazoea ya mtu mwoga. Pipa likifika nililiacha lisimame usiku kucha ili maji yashuke. Asubuhi nilivuta dizeli ya juu, ya chini sikuigusa. Nilipitisha kila debe kwenye kitambaa, na kila siku nilifungua skrubu ya chini ya chujio nikamwaga maji. Lilipokuja chujio la pili nikajiambia kazi hizo ni za watu wasiosoma. Mlinzi wa pili alimlaza wa kwanza.

Ikaja habari ya sotoka. Ng'ombe walikuwa wakifa upande wa Maswa, machozi na kamasi zikiwatiririka, harufu mbaya midomoni. Anayeijua Nkololo anajua kwamba ng'ombe pale ni mahari, ni ada ya shule, ni chakula cha mwaka wa njaa. Bwana mifugo wetu, Bwana Lema, mtu wa Kaskazini, mkimya na makini, aliletewa chanjo kwenye kisanduku cha barafu. Barafu ikiyeyuka, chanjo inakufa. Kulikuwa na shida nyingine pia. Baadhi ya wazee wa Nkololo hawakuitaka sindano. Walikuwa wamekwenda kwa mganga wao na wamefanya matambiko. Walikubali kwa shingo upande, kwa siku moja tu. Tusipofika siku ile, ng'ombe wangerudi mabomani na wasingeletwa tena.

Mama yangu alikuwa na ng'ombe wake huko. Mitamba miwili ya zizi lile iliuzwa ili mimi nisome. Nilikuwa nimemwambia asihangaike kuamka alfajiri kupanga foleni na watu, gari ni langu, sindano ninazibeba mimi, zamu yake haiwezi kupotea. Akanisikiliza, maana nilikuwa msomi.

Asubuhi ile tangi lilikuwa karibu tupu, na pipa lilikuwa limeshushwa saa ileile. Bwana Lema aliuliza kama tusubiri litulie. Nikamwambia gari lina machujio mawili. Nikalijaza.

Njiani tulimpita Masanja kwenye baiskeli. Naye alikuwa na ng'ombe Nkololo. Nikampigia honi, nikamwachia vumbi.

Hatukufika mbali. Gari lilianza kukosa nguvu, kwanza kidogo, nikabadilisha gia nikijifanya ni barabara. Kisha likashtuka, likashtuka tena, likazima katikati ya mbuga, jua limeshapanda. Nililegeza skrubu nikatoa upepo, nikapampu kwa mkono mpaka kidole gumba kikachubuka. Dizeli haikuja. Nilipofungua kikombe cha pili nilikuta pamba yangu imekuwa uji mzito wa kijivu. Ilikuwa imekunywa maji ya pipa ikavimba ikaziba kabisa. Nikaitoa yote, nikafunga kikombe kitupu, nikawasha. Gari likaenda mwendo wa kutupa mawe mawili, likazima tena. Nyuzi zilikuwa zimetangulia mpaka mlangoni mwa pampu.

Bwana Lema hakunilaumu. Alifungua kisanduku, akatia mkono, akafunga. Baada ya muda akafungua tena. Mwanangu, nimewahi kutukanwa na wakubwa, nimewahi kufukuzwa kazi, lakini sijaona adhabu kama ule mfuniko ukifunguliwa na kufungwa. Mwishowe akasema, "Ndugu fundi, barafu iliyobaki ni kama ngumi yangu."

Masanja akatokea. Alishuka, akatusalimu kwa utaratibu kama tumekutana sokoni, akatazama uji wa pamba uliokuwa chini. Akafungua mpira wa karia ya baiskeli yake, akamwambia Bwana Lema, "Bwana, Nkololo ni mwendo wa saa moja ukikanyaga vizuri. Funga sanduku lako hapa, lifunike na koti langu, nenda. Gari si lazima lifike. Dawa ndiyo lazima ifike."

Mimi na stashahada yangu, wazo hilo halikunijia. Nilikuwa napigania gari langu, na sifa yangu iliyokuwa ndani yake.

Bwana Lema akaondoka. Masanja akavunja mwiba mrefu wa mgunga, akafungua bomba mlangoni mwa pampu, akaanza kutoa nyuzi moja moja kutoka kwenye kichujio kidogo cha waya, kama mama anayemtoa mtoto funza. Kisha tukamwaga tangi lote kwenye madebe, tukayaacha kivulini yatulie, na alipoona maji yameshuka akavua kofia yake ya pama na kuchujia dizeli ya juu. Kazi ilichukua muda mrefu. Wakati wote nilisubiri anikaripie. Alipofunga nati ya mwisho ndipo aliponitazama.

"Kosa lako si pamba," akasema. "Pamba ni kutojua, na kutojua kuna dawa. Kosa lako ni kwamba ulipofunga chujio la pili, uliacha kuitazama dizeli."

Nikapanda garini, nikawasha.

Tulifika Nkololo jua linaelekea kuzama. Chanjo ilikuwa imefika na uhai wake, isipokuwa chupa chache za juu zilizopata joto. Bwana Lema alizimwaga chini mbele ya watu ili asimdanganye mtu. Zilizobaki zilitosha ng'ombe wote, ila wale waliokuwa mwisho wa foleni. Mwisho wa foleni alikuwa mama yangu na fimbo yake, amesimama pale nilipomwambia asimame.

Tulingoja kisanduku kingine kwa majuma mengi. Kila Jumamosi usiku nilikwenda kwa miguu, nikamkuta zizini alfajiri ya Jumapili, anashika mdomo wa kila ng'ombe, ananusa, anaangalia macho. Hakunilaumu hata mara moja. Aliniuliza kama nimekula. Sotoka haikufika zizini kabla ya sindano, Mungu ni mkubwa, lakini mama alikonda majuma yale, na mwili ule haukumrudia tena.

Chujio la pili nililifunga upya, mwanangu, usidhani niliacha. Machujio ya karatasi yalipopatikana bohari ya mkoa nilikwenda kiwandani kumwomba Masanja asimame pembeni aone. Tangi, kikombe cha kunasa maji, chujio la kwanza, chujio jembamba, pampu. Na pipa nililituliza usiku kucha kama zamani. Pampu ya pikapu ile haikufunguliwa tena miaka yote niliyoiendesha, na magari ya idara nyingine yakaletwa kwangu, hata gari la yule mzee wa barazani aliyesema nitashindwa. Hilo najisifia, na nitajisifia mpaka nizikwe.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiongeza ulinzi, usipunguze macho. Elimu ni chujio la pili. La kwanza ni yale mazoea madogo ya kila siku uliyofundishwa na watu wasio na vyeti, na la pili haliwezi kufanya kazi ya la kwanza. Mwenye mikono yenye makovu akikuambia neno, usimjibu kuwa umelisoma. Muulize aliliona wapi. Kitu kipya kijaribu siku ambayo kikishindwa atakayeumia ni wewe peke yako. Na usimwambie mama yako asubiri nyuma kwa kuwa wewe upo mbele. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wakati mwingine mguu unaoota si wako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe akili inayosikia, na mikono isiyoona aibu kufanya kazi ndogo. Unaowabebea dawa wakukute umefika, na zizi la mama yako lisikose sauti ya ndama.