Barua Iliyokuwa na Kuku

Juzi nilikuwa nikiiambia simu iniandikie ujumbe wa kumtumia baba, paka wangu akarukia samaki mezani. Nilipomaliza kumfukuza nikakuta simu imeandika: "Baba huku tuko salama shuka hapo mwizi wewe."

Nilicheka sana. Kosa hilo niliwahi kulifanya mwenyewe nikiwa mtoto.

Baba alifanya kazi Nairobi, na Dani, mama yake, hakujua kuandika. Alasiri moja pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, alinikalisha na daftari nimwandikie baba barua, kando ya omena, wale dagaa wa ziwani, alizoanika, harufu yake ikituingia hadi kwenye nywele.

"Andika vile nasema."

Shuleni tulikuwa tumeanza imla, na mwalimu alimchapa kila aliyeruka neno. Basi sikuruka. Dani alisema mahindi yameota vizuri, nikaandika. Akafoka, "Wewe kuku, toka kwa omena yangu!" nikaandika. Kisha akashusha sauti: "Mwambie nyumba imekuwa kimya sana... hapana, hiyo usiandike."

Nikaandika yote, pamoja na usiandike.

Krismasi, wakati baba alipozoea kuja, ilikuwa bado mbali, lakini mwisho wa mwezi alifika, barua mfukoni.

"Mama, kuku yuko wapi?"

Dani alinikazia macho, kisha akaenda kumkamata kuku yule yule amchinjie mwanawe. Kwa miaka mingi niliamini baba alikuja kwa ajili ya kuku.

Ujumbe wa juzi niliutuma vile vile ulivyokuwa. Baba akajibu: "Huyo paka hatuwezi kumla, lakini nakuja."