Nilivyochagua mji wa kuhamia kwa mche mmoja wa mnazi (Msambweni, miaka ile ya Uhuru)

Asalaam aleikum wakuu, na wale wa shikamoo nawapa marahaba yao mapema tusipoteze muda.

Nimekuwa msomaji tu humu. Lakini wiki nzima naona vijana mnabishana mji gani mzuri kwa mtu anayehamia ughaibuni. Mmoja anasema angalia mshahara, mwingine anasema angalia baridi. Kuna mmoja ameweka orodha ya miji kumi na nne, nami nikaihesabu tena, ni kumi na tatu. Mji mmoja umerudiwa.

Mimi nilihamia nchi ya watu kabla baba zenu hawajabalehe. Nitaeleza nilivyochagua mji. Sina cha kuongeza chumvi, isipokuwa chumvi moja ya kweli ambayo mtaikuta mwishoni.

Kwetu ni Muheza, Tanganyika. Kazi yangu ilikuwa fundi baiskeli kwenye kambi za mkonge. Mkonge ulipoanza kulegea, wanyapara wakaacha kuendesha baiskeli wakaanza kuziuza. Fundi akiona hivyo anajua wakati wake umefika.

Kenya ilikuwa imepata Uhuru wake juzi tu. Nikasema nivuke, watu waliopata uhuru mpya watataka kwenda mahali, na watakwenda kwa baiskeli.

Mke wangu Mwanahawa alikuwa na mtoto wetu wa kwanza, Zaina, ndiyo kwanza anajua kukaa bila kuanguka. Akaniambia hivi, mbele ya mama yake:

"Baba Zaina, nimehamishwa kambi tatu. Safari hii sihami mpaka nisikie umepanda mnazi. Si mihogo. Mnazi."

Nikamuuliza nina muda gani.

"Mtoto akitembea hujaniita, nitajua huna pa kuniita."

Mkwe wangu akaingia uani, akatoka na nazi iliyochipua, jani moja limechomoza kama ulimi. Akanikabidhi bila neno. Mama mkwe akikupa kitu bila neno, mkuu, hiyo ni hati ya mahakama.

Kwa ambao hamjui mambo ya pwani, nieleze kidogo. Mgeni huku hanyimwi mahali. Utapewa pa kujenga banda, utapewa pa kupanda mahindi na mihogo. Lakini mti wa kudumu, hapana. Mahindi yakivunwa yamekwisha, ila mnazi utakaa kuliko wewe, na mwenye mnazi ana neno juu ya ardhi iliyo chini yake. Kwa hiyo mtu akikuruhusu kupanda mnazi, amekuambia kaa. Akikukataza, hata akikulisha biriani kila Ijumaa, wewe ni msafiri.

Mwanahawa alijua anachokiuliza.

Basi nikaufunga mche kwenye keria ya baiskeli, sanduku la spana chini yake, nikapanda lori la machungwa kwenda Mombasa, maana kila mtu alisema Mombasa. Msambweni tulipita siku hiyo hiyo ya kwanza. Sikuiona. Nilikuwa nimelala juu ya machungwa.

Mombasa niliihesabu kwa siku mbili. Mtaa niliofikia ulikuwa na mafundi baiskeli saba. Siku ya pili nikarudia, wakawa wanane. Wa nane alikuwa amekwenda kuoa.

Mwenye nyumba niliyolala nikamuuliza kuhusu mnazi. Akacheka mpaka kofia ikamtoka. Akanieleza kwamba nyumba ni yake lakini ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya mtu mwingine, na huyo mwingine yuko Lamu.

"Ukitaka mnazi, panda kwenye kopo, uweke dirishani," akasema.

Nikavuka feri kurudi kusini. Lakini maneno yake niliyaweka mfukoni. Mimi situpi kitu, hata dharau.

Waa palikuwa na baiskeli nyingi zinazobeba mboga, na fundi mmoja mzee mwenye heshima zake. Kuchukua wateja wa mzee kama yule ni dhambi, na pia alikuwa na watoto wa kiume watano. Nikapita.

Kwale mjini, kule mlimani, hewa nzuri na maofisi. Lakini baiskeli inayoteremka haihitaji fundi, na inayopanda haina pancha, ina uchovu wa mwenyewe tu. Nikapita.

Diani kulikuwa na nyumba za Wazungu ufuoni na hoteli za kuhesabika. Wapishi walikuwa na baiskeli safi. Nikauliza mlinzi mmoja wa lango naweza kupanda wapi. Akasema shamba lote hilo ni la bwana, na bwana yuko Ulaya, na mwenyewe hajui kama bwana atarudi sasa bendera imebadilika. Nikamwambia kumbe tuko sawa, hata mimi sijui.

Na katikati ya hayo yote nikasikia redioni kwamba Tanganyika imebadilishwa jina. Yaani hata nikitaka kurudi, sijui niulizie wapi.

Miezi mitatu ikaisha. Mche ulikuwa na majani matatu. Nazi iliyochipua ina akiba yake tumboni, lakini akiba huisha. Kila asubuhi nilipoutazama nilimwona Zaina ameshika ukuta, anajaribu kusimama.

Nikafika Msambweni, safari hii macho wazi.

Nikakaa kando ya barabara nikahesabu. Baiskeli zinazopita, ishirini na tatu. Halafu nikahesabu zinazosukumwa. Tisa! Barabara ya mawe ya matumbawe, wafanyakazi wa miwa wanabebana wawiliwawili, na fundi hakuna. Nikahesabu tena siku ya pili. Kumi na moja.

Baiskeli ya kumi na moja ilikuwa ya Mzee Nyawa, Mdigo wa pale pale. Nikaipachika kiraka, akanipachika kwake. Akanipa chumba na sehemu ya kibanda barabarani. Mtu mpole, anaongea na chai yake kuliko watu.

Wiki ya tatu nikaanza mazungumzo. Nilimpigia hesabu nzuri sana: baiskeli yake nitaitengeneza maisha yake yote, naye anipe mahali pa mnazi mmoja. Tukavutana jioni nne. Alitaka na ya shemeji yake iingie. Nikakubali nikijifanya naumia. Akanyoosha kidole: "Panda pale."

Wakuu, nilipanda baada ya swala ya alasiri, nikalala usingizi wa gavana.

Asubuhi nikatoka. Mche wangu uko juu ya keria, umefungwa kwa kamba ileile, kwa fundo langu lilelile. Mizizi imeoshwa. Shimo limefukiwa na kufagiliwa.

Hakuna aliyenitukana. Hapo ndipo nilipoogopa. Ugomvi una bei, lakini adabu ya namna ile haina.

Nikamwendea Mzee Nyawa. Anatazama chai.

"Dada yangu huamka mapema," akasema.

"Mzee, shamba si lako?"

"Langu. Nalilima."

"Sasa?"

"Ni la mama yetu. Nikifa haliendi kwa wanangu, linakwenda kwa watoto wa dada yangu. Ndiyo mila yetu sisi Wadigo. Mwenye neno ni yeye."

"Kwa nini hukuniambia, Mzee?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unauliza habari za viraka."

Nilibishana jioni nne, nikashinda, na mtu ambaye hakuwa na cha kuuza. Mimi! Mpaka leo nikikumbuka nahisi joto masikioni.

Dada mtu aliitwa Bi Mwanakombo. Nilimkuta barazani anasuka ukili wa mkeka. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kusuka. Nikaanza na ofa ya kwanza, nikapandisha ya pili. Hakuinua macho.

"Mjeni," akasema, ndivyo Wadigo wanavyomwita mgeni, "ukinilipa utakuwa umenunua. Nani kakuambia nauza?"

Nikaacha habari za bei.

"Una mke?"

Nikamweleza yote. Kambi tatu, mche wa mkwe, mtoto anayekaribia kutembea. Hapo akaweka ukili chini.

"Kumbe wewe ni tarishi tu. Mwenye shauri yuko Muheza."

"Ndiyo, Bi mkubwa, lakini haji mpaka mnazi upandwe."

"Na kwangu haupandwi mpaka aje. Mwanamume mgeni hupanda akaenda zake. Halafu anakuja mtoto nisiyemjua, ameshika bakora, anasema mnazi wa baba. Mwanamke akipanda nitamjua yeye, nitamjua na mwanawe. Mwite."

"Haji, Bi mkubwa."

"Basi nenda ukatengeneze baiskeli."

Mnaona nilipokwama? Huku mwanamke anasema panda kwanza ndipo nije, kule mwanamke anasema aje kwanza ndipo upande. Na baina yao mtu mmoja na mche wenye majani manne, la chini limeanza kuwa manjano.

Siku mbili nilikaza spoki za watu upande usio wake.

Siku ya tatu nikakumbuka dharau niliyoiweka mfukoni. Kopo dirishani.

Nikachukua debe tupu la mafuta ya taa, nikalisugua kwa mchanga na jivu mpaka harufu ikatoka, nikalitoboa chini kwa msumari. Nikaenda nalo barazani.

"Bi mkubwa, nikipanda humu, nimepanda au sijapanda?"

Akalitazama debe, akanitazama.

"Debe la nani?"

"Langu."

"Udongo?"

"Naomba wako."

"Na mti wa nani?"

"Hapo ndipo tunamsubiri Mama Zaina."

Alicheka kicheko cha mtu ambaye hacheki mara kwa mara, kinatoka kwa awamu. Akajaza udongo mwenyewe kwa kifuu cha nazi. Akasema debe likae karibu na kisima chake, asubuhi nitie maji mimi, jioni atatia yeye.

Siku hiyo hiyo nikamsimamisha dereva wa lori la machungwa aliyekuwa akirudi Muheza. Nikampa maneno ya kumfikishia Mwanahawa, nikamfanya ayarudie mara mbili: "Mnazi umeshika udongo wa Msambweni, na mwenye udongo anautilia maji kwa mkono wake."

Kila neno ni kweli. Debe sikulitaja. Biashara ni kujua pa kuweka nukta.

Zikapita wiki tatu. Hakuna jibu. Nikajua nimehesabu vibaya.

Siku moja adhuhuri basi la kutoka Lunga Lunga likasimama mbele ya kibanda changu. Akashuka Mwanahawa na mkeka na kasha. Halafu akageuka, akamshika mtu mkono. Akashuka Zaina.

Kwa miguu yake.

Nikaanza kuhesabu pale pale. Mtoto hatembei vile kwa siku mbili. Zaina alitembea moja kwa moja mpaka kwenye pampu yangu akaikalia.

"Ameanza lini?"

"Kabla ya mfungo," akasema Mwanahawa.

Nikarudia hesabu. Muda wangu ulikuwa umekwisha zaidi ya mwezi mmoja.

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unatuma mashairi."

Nikampeleka kisimani. Akalizunguka debe. Akaligonga kwa kidole, likalia kama debe linavyolia.

Bi Mwanakombo akatokea mlangoni. "Mama Zaina, karibu mudzini, karibu nyumbani. Mumeo amekudanganya?"

"Hajanidanganya, Bi. Dereva alikunywa maji kisimani kwako, akaja kuniambia kila kitu. Hata debe lilikuwa la nini."

"Na ukaja?"

"Nilisikia mwenye udongo anautilia maji. Mume wangu alidhani namuuliza habari za mti."

Wakuu, wale wanawake wawili walitazamana, na mimi nikaelewa kwamba mazungumzo niliyoyaendesha kwa miezi mitano yamekwisha kwa nusu dakika bila mimi.

Bi Mwanakombo akalipasua debe kwa panga. Langu, na hakuniomba. Akachimba shimo, akachota chumvi jikoni akaitia humo, maana mnazi hupenda chumvi. Hiyo ndiyo chumvi niliyowaahidi. Mwanahawa akapanda kwa mikono yake, Zaina akakanyaga udongo, akaanguka, akakanyaga tena.

"Huu ni wa Zaina," Bi Mwanakombo akasema kwa sauti, jirani wasikie. Mzee Nyawa akasikia, akainamia chai yake.

Miaka baadaye walipokuja wapima ardhi, Bi Mwanakombo alikuwa ametangulia mbele ya haki. Nilikaa na wasiwasi, mgeni ni mgeni. Binti yake alimshika mpimaji mkono, akampeleka mpaka kwenye mnazi ule, akamwambia: "Kutoka hapa mpaka kisimani ni kwa kina Zaina. Andika." Akaandika. Nikamwomba asome tena.

Leo Zaina ana wajukuu. Mnazi umekuwa mrefu hata mkwezi ananitaka dau mara mbili. Asubuhi hii nimehesabu nazi kwa miwani: thelathini na mbili. Mwanahawa anasema thelathini na tatu. Tumewahi kukosana kwa mambo madogo kuliko hayo.

Funzo langu ni fupi. Mji mzuri ni ule ambao kuna mwenyeji atakayemwagilia chako jioni wakati wewe hupo. Ukifika ugenini uliza mapema kama unaweza kupanda mti. Na ukijibiwa ndiyo, uliza tena, safari hii kwa dada yake.

Uwanja ni wenu. Nani humu amehamia mji wa watu, na alijuaje kwamba amefika? Na yule wa orodha ya miji kumi na nne, tafadhali rekebisha.