Kitanda cha Zamu

Kambini walimwita Mama Presha, na asubuhi za kupimwa hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Kabla dereva hajakabidhiwa ufunguo wa mtambo, sharti apulize kipimo cha pombe, kisha akae kwenye stuli, akunje mkono wa shati na Mama Presha amfunge mkanda wa kupimia presha. Wanaume wazima, vifua mbele, watu wa kulipua miamba, walikaa pale wameufyata. Wengine walijaribu kumpiga chenga. Kuna waliomeza vidonge vya kuazima, na kuna mmoja aliyethubutu kumtuma ndugu yake anayefanana naye, naye akarudishwa na ujumbe kwamba mwenye mkono aje na mkono wake.

"Daktari, presha yangu inapanda nikikuona wewe tu," dereva mmoja alizoea kumwambia.

"Basi fumba macho," naye humjibu, na mkanda unazidi kubana.

Udaktari hakusomea. Alikuwa tabibu wa kawaida, lakini mgodini, ambako hospitali hufikiwa kwa ndege, tabibu ndiye daktari, ndiye nesi, ndiye mfamasia, ndiye mkaguzi wa maji ya kunywa na wa kucha za wapishi. Zahanati yake ilikuwa kontena lililotobolewa madirisha. Chumba chake cha kulala kilikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo wa bati, ili akiitwa asiwe na kisingizio, na redio ya mkononi ililala naye kando ya mto. Jumapili hakuijua. Alikaa wiki sita kazini na wiki sita nyumbani, na sijui ni kwa nini zile za nyumbani ndizo zilizokuwa na miguu.

Kitanda cha chumba hicho hakikuwa chake peke yake. Wiki alizokuwa nyumbani kililaliwa na tabibu mwingine, mwanamume wa makamo mwenye wajukuu, ambaye yeye alimwita "mwenzangu" naye akaitwa hivyohivyo. Kambi nzima ilitania kwamba wawili hao wamelala kitanda kimoja miaka na miaka na hawajawahi kula sahani moja. Ilikuwa kweli tupu. Walionana saa ya makabidhiano tu, ndege ikiwa kiwanjani inasubiri. Mengine yote walijuana kwa walivyoachiana. Yeye alimwachia mwenzake majani ya chai, na mwenzake alimwachia sabuni mpya na godoro lililogeuzwa. Kwa lile godoro tu, Mama Presha alimpenda kama kaka wa tumbo moja.

Kanuni ya kambi ilisema kwamba kila anayeingia apimwe kwanza na tabibu aliyepo, hata kama anayeingia ni tabibu. Kanuni nzuri sana. Wao wawili waliitekeleza hivi: "Mzima?" "Mzima. Wewe je?" "Mzima." Kisha sahihi, kisha mtu anakimbilia ndege. Watu ambao hawakumwamini dereva hata angekula yamini, wao kwa wao waliaminiana kwa neno moja.

Safari hii Mama Presha alikuwa na haraka kuliko siku zote. Mwanawe wa pekee, ambaye amelelewa nusu na yeye na nusu na dada yake mkubwa, alikuwa anakwenda kuanza shule ya bweni wiki hiyo. Alikuwa amemwahidi kwamba atampeleka mwenyewe, amtandikie kitanda kwa mikono yake, aone dirisha lake linatazama wapi. Shule ilikuwa mbali na haikupokea wageni katikati ya muhula, na likizo fupi zote za mtoto ziliangukia zamu za mama. Asipomwona sasa, atamwona mwisho wa mwaka. Begi lake lilikuwa mlangoni tangu alfajiri.

Ndege ikatua. Mwenzake akaja, akapanda vile vidaraja vya kontena, akasimama mlangoni ameshika mwimo. Mdomo ulikuwa unatabasamu, lakini kifua kilikuwa na shughuli nyingine. Kamba za viatu vyake hazikufungwa.

"Vumbi la huku," akasema.

"Mzima?" Mama Presha akauliza, kalamu iko mkononi.

"Mzima." Akavuta pumzi kwanza ndipo akamalizia, "Wewe je?"

Ile pumzi ya katikati aliisikia vizuri. Akajitia hakuisikia. Akajiambia ni uchovu wa safari, ni joto, tena huyu ni tabibu mwenzake, mwili wake anaujua. Akanyanyua begi. Akafika nalo mlangoni, akalitua chini taratibu.

"Kaa kwenye stuli, mwenzangu."

"Ndege inakungoja."

"Naiona."

"Na mtoto? Si uliniambia unampeleka shule?"

Hapo alimchukia kwa kukumbuka. Kama angesahau, ingekuwa rahisi zaidi.

"Kunja mkono," akamwambia.

Alimpima mkono wa kulia, akampima wa kushoto. Akaenda kabatini akatoa mashine nyingine, akiomba moyoni ile ya kwanza iwe mbovu. Haikuwa mbovu. Akainama, akambonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu, akaondoa kidole. Kishimo kikabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Tangu lini?"

Mwenzake akaangalia sakafu. "Zamu iliyopita. Pengine na ile kabla yake. Nilikuwa natumia dawa za hapohapo kabatini. Nikasema nitajitibu, kwani kulikuwa na nani mwingine?"

Zamu iliyopita, papa hapa, alimuuliza kama ni mzima, akaambiwa mzima, akafurahi, akakimbilia ndege. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Wapasua mawe aliwapima kila wiki, na huyu aliyekuwa akimgeuzia godoro hakumpima hata siku moja.

"Niandikie mzima," mwenzake akasema kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Nikirudishwa leo, huku sirudi tena. Umri wangu unaujua, nani atanichukua?"

"Na ukianguka ukiwa peke yako humu, utamwita nani kwa redio?"

Mwenzake akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kwisha. Mama Presha akamshika bega mpaka kikatulia.

"Sasa wewe utaondokaje?" akauliza alipopata pumzi.

"Siondoki. Kiti changu cha ndege kalia wewe."

Maneno yalimtoka bila kuyapanga. Yalipokwisha kutoka, akakaa juu ya begi lake mwenyewe.

Meneja alipopigiwa simu alisema ahsante sana, bila tabibu mitambo ingesimama, na kwamba mwingine atatafutwa. Atatafutwa lini, hilo hakulisema. Mama Presha akampa mwenzake dawa ya kumfikisha, akamweleza rubani cha kuangalia njiani, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi ya ndege wamekamatana mikono, huku madereva wakiwatazama. Hakuna aliyetania.

"Hata leo hatukula pamoja," mwenzake akasema.

"Pona kwanza," akamjibu.

Alingoja mpaka ndege imepotea, ndipo akapiga nyumbani. Simu ya dada yake ilipokelewa na mtoto mwenyewe. Mama Presha alikuwa amejiandaa, alikuwa na maneno ya kumbembeleza na ahadi mbili tatu za kuongezea. Akamweleza kuna mgonjwa, mgonjwa ndiye yule anayempokea kazi, na kambi haiwezi kubaki bila mtu.

"Kwa hiyo huji," mtoto akasema.

"Siji, baba. Mama mkubwa atakupeleka. Atakutandikia vizuri."

"Utakuja lini?"

"Akipatikana mwingine. Labda mwisho wa zamu nyingine."

"Basi ukija, mimi nitakuwa sipo."

"Najua." Akajikaza kisabuni, lakini sauti ikamsaliti, na mtoto akaisikia.

"Mama, usilie. Siku za kwanza nyumba itakuwa kimya, ndiyo mbaya hizo," akamwambia polepole, kama anayemwelekeza mtu njia asiyoijua. "Usikae chumbani. Kaa na mama mkubwa jikoni mpaka usingizi uje. Halafu utazoea. Mimi nilizoea."