Mama Mkwe Tuliyemchukia Kila Jumapili

Habari za kifo chake zilinifikia Jumatano asubuhi, nikiwa nakunywa chai, kupitia kundi la WhatsApp la sisi tuliosoma pamoja sekondari hapa Morogoro. Mwenzetu mmoja aliandika: "Jamani, yule mama mkwe mbaya wa kwenye TV enzi zetu amefariki alfajiri. Anazikwa leo alasiri kwao Kinole." Kabla sijaweka kikombe chini, majibu yakaanza kumiminika. Wa kwanza akaandika, "Apumzike kwa amani." Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu akatuma stika. Ninyi mnaotumia simu hizi mnaijua stika hiyo hata kama hamjui ilikotoka: mwanamke wa makamo, kilemba cha maua, jicho moja limefinywa, mdomo umebetuliwa, na chini yake neno moja tu: "Utakoma!" Huyo ndiye marehemu. Watu walikuwa wakiuomboleza msiba wake kwa kumtuma yeye mwenyewe akiwa amekunja uso, na nyuma yake vikatuni vinavyocheka mpaka machozi. Kisha mazungumzo yakahamia kwenye mambo ya zamani, nani anakumbuka televisheni za chogo, nani anakumbuka kurudisha kanda ya kaseti nyuma kwa kalamu, na ilipofika saa nne marehemu alikuwa ameshasahaulika. Watu walikuwa wanabishana kuhusu rangi ya rimoti.

Nakiri kwamba zilikuwa siku tamu. Mtaani kwetu Mji Mpya televisheni ilikuwa moja, kwa mama mmoja mwuguzi, imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kukiondoa. Antena ilifungwa juu ya bomba nyuma ya nyumba, na jioni dada yangu alisimama huko akilizungusha lile bomba huku sisi tukimpigia kelele dirishani: "Bado! Chenga! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse tena!" Tulinawa miguu ndipo tukaruhusiwa kukaa mkekani. Kila Jumapili saa moja jioni ulikuja mchezo wetu wa kuigiza, wenye waigizaji wa hapa hapa, watu wa kikundi kilichokuwa kikifanya mazoezi kwenye ukumbi wa jirani na soko. Sote tulimngoja mtu mmoja, mama mkwe, ambaye angeweza kumwaga mboga aliyopika mke wa mwanawe, kisha akamgeukia mbele ya wageni na kumwuliza kwa upole mbona leo tunakula ugali mkavu. Alikuwa na kipaji cha kutisha. Tulikuwa tukimlaani kwa sauti, watu wazima kwa watoto.

Katika maisha yake ya kweli alikuwa muuza matunda. Aliteremka mjini na machungwa na ndizi za kwao Kinole, akapanga chumba kisicho na umeme, na kwa sababu hiyo alikuwa hajawahi kujiona kwenye televisheni hata siku moja. Yule mwuguzi, aliyekuwa mteja wake, akamwalika. Jumapili hiyo tukasikia hodi, mlango ukafunguliwa, na mama mkwe akaingia akiwa na kikapu cha machungwa. "Habari za jioni," alisema. "Hamjambo wanangu?" Hakuna aliyejibu. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimelelewa kumwamkia hata mlevi aliyelala njiani, lakini siku hiyo shikamoo haikunitoka, wala haikumtoka mwenzangu yeyote. Alipokaa, mama aliyekuwa karibu naye alikusanya khanga yake akasogea. Mchezo ukaanza. Kwenye kioo alikuwa anamfukuza mkwe wake mjamzito kwenye mvua, na mle sebuleni alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, mikono imefumbatana magotini, anajitazama kwa mshangao. Ulipokwisha, akacheka kwa haya: "Kumbe ndivyo ninavyoonekana!" Alicheka peke yake. Baada ya yeye kuondoka, mwuguzi alitugawia yale machungwa, mmoja mmoja. Tulipofika nje mtu akasema yana sumu, na tukaanza kuyarusha mtaroni. La kwanza nililirusha mimi.

Miaka ikapita. Televisheni zikawa bapa, antena zikateremshwa, ving'amuzi vikaingia, na mimi nikawa mwandishi wa safu hii. Wakati stika ile ilipoanza kusambaa nilipata wazo ambalo nililiona zuri mno: nikamtafute, nimwandikie habari, niwakumbushe wasomaji enzi zao. Nilipanda Kinole kwa pikipiki, nikaelekezwa mpaka kwake, nikamkuta uani anamenya magome ya mdalasini. Alikuwa amekonda, lakini uso ulikuwa ule ule. Safari hii nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu. Karibu kiti." Nilimweleza kilichonileta. Akaniuliza huku akimenya, "Na wewe ulikuwa unautazama?" Nikasema ndiyo, tulikuwa tunaupenda sana. Akatikisa kichwa. "Mlikuwa mnaupenda, sawa. Mimi nilikuwa sokoni. Mtu anachagua machungwa, anajaza mfuko, anainua macho kulipa, ananiona. Anayarudisha moja moja."

Hilo aliweza kulivumilia, alisema. Asiloweza ni lile lililompata binti yake. Binti alikuwa amependana na kijana wa pale mjini, mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani, na barua ya posa ilikuwa imeshapokewa na wajomba. Siku chache kabla ya mahari mshenga alirudi peke yake, akakaa pale pale nilipokaa mimi, na hakutaka hata maji. "Akaniambia, mama wa kijana amekataa. Anasema mwanawe hawezi kuwa na mama mkwe kama mimi. Nikamwambia, yule si mimi, baba, yule tunaigiza. Akanijibu, 'Mama, hata mimi najua. Lakini wao wamekuona kwa macho yao.'" Alikwenda kwa kiongozi wa kikundi akamwomba jambo dogo: mchezo ukiisha, atokee kidogo tu, avue kile kilemba, awaambie watu kuwa ni kazi. Kiongozi alikataa. Alimwambia kwamba akifanya hivyo ataua mchezo, awaache watu wamchukie kwa kuwa ndiyo dalili ya kazi nzuri. Mama akaondoka kwenye kikundi siku hiyo hiyo. Wakaweka mwanamke mwingine, watazamaji wakalalamika kuwa siyo kama yule wa kwanza, na baada ya muda mchezo ukafa. "Binti yangu hakunilaumu," alisema. "Aliniambia neno moja: 'Mama, kosa lako ulicheza vizuri mno.' Akaenda kufanya kazi Mzumbe. Hajaolewa mpaka leo."

Alipotaka angalau nakala za kazi yake, za kuwaonyesha wajukuu kama Mungu angempa, aliambiwa kituoni kuwa kanda zile zilikuwa zimerekodiwa mpira juu yake. Kilichobaki duniani ni kipande cha dakika mbili ambacho mtu fulani alikirekodi kwa deki nyumbani kwake, na ndicho kilichozaa stika. Hapo ndipo nilipofanya upumbavu ambao hadi leo ukinijia nafumba macho. Nilitoa simu nikamwonyesha, nikidhani atafurahi. Aliishika mbali kidogo na uso wake, kama watu wa umri wake wanavyofanya.

"Mnapotumiana, mnacheka?"

"Tunacheka, mama."

"Wanajua kwamba huyu ni mtu, yupo?"

"Sidhani, mama."

Akanirudishia simu yangu, akajifuta vidole kwenye khanga. "Haya. Ukiandika, andika jambo moja tu. Andika kwamba nilikuwa naigiza."

Nikaandika. Huenda baadhi yenu mnayakumbuka makala yale, kwa maana hakuna safu yangu iliyowahi kuletewa barua nyingi kama ile. Nilieleza bomba la antena, chenga, kitambaa cha kufuma, deki iliyokuwa inatafuna kanda, jinsi mtaa mzima ulivyopiga kelele umeme uliporudi. Nilijiandika mimi na utoto wangu. Yeye nilimpa mistari minne, na ndani ya hiyo minne nilimwita mama mkwe katili kuliko wote tuliowahi kuwaona, nikidhani ni sifa. Lile jambo moja aliloniomba sikuliandika. Sikulisahau; nililiona linapooza makala. Nilikuwa nimefikiri sawasawa na yule kiongozi wa kikundi. Nikampelekea gazeti kwa mtu wa Kinole aliyekuwa anapandisha mizigo, na sikupata neno lolote kutoka kwake, sasa sitalipata kamwe.

Jumatano hiyo nilikwenda kuzika. Wengi wa kundi letu tunaishi hapa hapa mjini, lakini nilipoangaza uani nilijiona peke yangu. Walikuwepo majirani, ndugu wa ukoo, wazee wawili waliowahi kuigiza naye, na vijana watatu kutoka mjini wenye simu na kipaza sauti, wa chaneli moja ya mtandaoni. Kabla jeneza halijatoka walimwendea binti wa marehemu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, na mmoja wao akamwomba, kwa adabu kabisa, aseme lile "Utakoma!" kama mama yake alivyokuwa akilisema. Yule binti alimtazama kijana usoni.

"Wewe enzi hizo hata hujazaliwa. Nani amekufundisha kumchukia?"

"Hatumchukii, dada," kijana akasema. "Sisi tunampenda. Mama ni lejendi."

"Kama unampenda, weka hiyo simu ukashike koleo. Watu wa kufukia ni wachache."

Kijana alitazama viatu vyake vyeupe, akatazama njia ya makaburini ilivyokuwa na tope, akacheka kidogo. Dakika chache baadaye nilisikia bodaboda zao zinateremka. Tulizika. Nilipokwenda kumpa pole, binti alinitambua. Alikuwa amesoma makala yangu. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema, "Najua utaandika tena. Usimtaje jina. Jina lake hawakuwahi kulijua, ndiyo maana hawakulichafua. Liache lilivyo." Ndiyo sababu hamlioni hapa.

Nimefikiri sana kuhusu huu utamu wa zamani tunaoulilia. Tunasema tunaikumbuka televisheni ya enzi zetu, lakini tukijichunguza, tunachokikumbuka ni sisi wenyewe tukiwa wadogo, magoti yamekunjwa mkekani, mama zetu wakiwa hai. Waliotutengenezea jioni hizo tunawahesabu pamoja na vyombo, mle mle na chogo na deki. Chombo kikichakaa hakiumii. Mtu anaumia, na anaumia huku anasikia tunavyomcheka. Tulimfanyia ukatili mara mbili: tulipokuwa wadogo tulimwadhibu kwa sababu alifanya kazi yake vizuri, na tulipokua tukauchukua uso wake kuwa kichekesho bila kumwuliza. Mara ya kwanza nina udhuru wa utoto. Ya pili sina udhuru wowote.

Huku mjini, mtaa wa Mazimbu, yupo mzee mmoja aliyekuwa akitusomea salamu na matangazo redioni, sauti iliyoamsha mkoa huu kila asubuhi kwa miaka. Jumamosi nilikwenda kumwona. Nilimkuta barazani, masikio yamekufa kabisa. Nilimwamkia mara tatu, nikapaza sauti mpaka majirani wakachungulia: "Mzee, tulikuwa tunakusikiliza! Ahsante!" Akanitazama, akatabasamu kwa heshima, akaniuliza kama nimekuja kuhusu kiwanja. Nikaomba kalamu nikamwandikia kwenye karatasi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Kisha akasema, kwa sauti ile ile niliyokua nayo, kwamba katika miaka yote ile aliyoketi mbele ya kipaza sauti hakuwahi kujua kama kulikuwa na mtu upande wa pili. Wasomaji wangu, kama kuna aliyeujaza utoto wenu na bado anapumua, nendeni leo mkamwambie kuwa mlikuwepo.