Nyota Iliyoyumba

Mume wangu aliniletea habari ya sayari siku niliyomtuma unga. Alisimama mlangoni mikono mitupu, redio ndogo kwapani, uso umechangamka kama bwana harusi.

"Mama mtoto, wamepata sayari inayozunguka nyota nyingine kabisa, siyo jua letu."

"Na unga?" nikamuuliza.

Alikuwa anafundisha fizikia kwenye shule moja ya sekondari hapa Kigoma. Mimi nilikuwa nauza dagaa sokoni, na nyumba tuliyokaa, mtaa wa Gungu, niliachiwa na marehemu baba yangu. Jioni ile tukala viazi. Nilimsikiliza huku nimenuna, yeye wala habari hana. Ni dude la hewa tupu, alisema, linakaribia ukubwa wa Jupita, halina hata mahali pa kukanyaga, na limeisogelea nyota yake mpaka linaizunguka kwa siku nne tu. Mwaka mzima siku nne. Joto la huko lingeyeyusha sufuria. Nikamwambia kwa hesabu hizo binti yetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa na miaka mitatu, angekuwa ajuza mwenye vitukuu. Hapo akacheka, na mimi kununa kukaniishia.

"Sasa wameionaje, kama iko mbali hivyo?"

"Hawajaiona. Hakuna aliyeiona. Wameona nyota yake inayumba."

Sikuelewa, basi akamwita mtoto uani, akamshika mikono miwili na kumzungusha hewani. Mtoto akapiga kelele za furaha. "Usimtazame yeye," akanipigia kelele na yeye, "nitazame mimi!" Nikamtazama. Kila alipopita mtoto upande huu, baba yake aliegemea upande ule, na miguu yake haikutulia. Akasema ningekuwa mbali, giza limeingia, mtoto simwoni, ningeona tu shati jeupe linayumba na ningejua kuna kitu amekishika.

Kilichomsumbua ni jambo moja. Dude kubwa vile haliwezi kuzaliwa jirani na moto. Wataalamu walikuwa wanafikiri limezaliwa mbali huko kwenye baridi, halafu likavutwa likasogea.

"Basi nalo ni mkimbizi," nikasema.

Nilikuwa natania. Hakucheka. Aliinama akaanza kuokota maganda ya viazi, kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu anioe.

Yeye mwenyewe alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, akalelewa kijiji kimoja cha Kasulu, akasoma na watoto wa Waha, wenyeji wa huku, na kusema Kiha kama wao. Hakuna aliyekuwa anamuuliza kwao ni wapi. Lakini vita vya huko viliporudi, watu wakamiminika, makambi yakafunguliwa, na siku moja gari la vipaza sauti likapita mtaani kutangaza kwamba kila Mrundi, wa jana na wa zamani, aende kambini. Na atakayemficha mtu ataondoka naye.

Tuliamua asiende. Niseme ukweli, mimi ndiye niliyeamua, yeye alikubali. Nilimwambia mtoto baba kasafiri, nikawaambia wanawake wa bombani kaenda kuzika Kasulu, nikamweka stoo nyuma ya magunia ya dagaa. Mtu msafi yule, mwenye kunyoosha shati kila asubuhi, akalala na kuamka kwenye harufu ile. Nilijiona mjanja kweli. Maji nilichota ndoo zilezile. Sokoni nilikwenda saa ileile. Sufuria kubwa nililificha kabisa, maana sisi tunapikia uani na mwanamke aliyebaki na mtoto mmoja hapiki ugali wa kushibisha mwanamume. Nikawa napika kwa kile kisufuria kidogo: nasonga, napakua, nasonga tena.

Jirani yetu, bibi mmoja mjane aliyenijua tangu sijaota meno, akaja akaketi kwenye ngazi. Nikamwamkia. Akaitikia, akapiga miayo.

"Mwanangu, huo moshi wako."

"Una nini, bibi?"

"Zamani ulikuwa unapika mara moja, unazima jiko, unapita kwangu tunapiga soga. Sasa unasonga, unakaa, unasonga tena. Na kwangu hupiti." Akajifunga kitenge vizuri, akainuka. "Mimi sijasema kitu. Ila macho sinayo peke yangu."

Alipoondoka nikaingia stoo. Alikuwa amesikia yote, na alikuwa anacheka. Anacheka kwa kujiziba mdomo, machozi yanamtoka.

"Wamenipata kama lile dude," akasema. "Hawajaniona mimi. Wamekuona wewe unavyoyumba."

Nilitamani kumzaba kofi. Mimi nawaza pa kumficha tena, yeye anatoa somo. Halafu kicheko kikamkauka, akanitazama muda mrefu, na nikajua ameshaamua jambo bila kuniuliza. Nikamkataza kabla hajafungua mdomo. Nikamwambia nitabadili, nitapika mara moja, nitapita kwa bibi, nitacheka bombani.

"Ego, mama mtoto," akajibu kwa upole. Ego maana yake ndiyo, kwa Kirundi cha kwao na kwa Kiha chetu pia, na nikaiamini.

Asubuhi nikiwa namvalisha mtoto, mume wangu alitoka kwa mlango wa mbele. Mchana kweupe, ndani ya shati alilolinyoosha kwa mikono. Nikamwachia bibi mtoto, nikanyakua sweta la mume wangu, maana huko juu kambini kuna baridi, nikamfuata mbio mpaka uwanja wa shule ambako lori la kupeleka watu kambini lilikuwa linasubiri. Watu wamejaa. Wa bombani wote walikuwepo.

Askari, mgeni wa mji huu kwa lafudhi yake, alikuwa anamuuliza alikuwa amejificha kwa nani. Nikawa nimefika karibu. Mume wangu akaniona. Akanitazama kama mtu anayemtazama muuza duka, akanyoosha kidole.

"Nilipanga chumba kwa mama yule. Hajui habari zangu. Nilimwambia mimi ni Muha."

Askari akanigeukia. "Kweli, mama? Huyu ni nani wako?"

Uwanja mzima ulijua. Walikula wali wa harusi yetu. Hakuna aliyekohoa. Nilimtazama mume wangu, akatazama pembeni, na nilimchukia pale kwa moyo wangu wote, na mpaka leo sijamsamehe kwamba hakuniuliza. Nikamwona kichwani mwangu binti yangu naye kwenye lile lori. Nikasema:

"Ni mpangaji."

Sweta nikalisukumia chini ya kitenge. Mwenye nyumba hamletei mpangaji sweta. Mume wangu akapanda lori, akapata nafasi ya kusimama katikati ya watu, na hakugeuka hata mara moja. Kipindupindu kilimmaliza kambini kabla ya masika, hatukuonana tena. Lori lilipowaka, wanawake kadhaa walianza kulia, wanalilia waume zao. Mimi nilisimama macho makavu mpaka vumbi likatulia, kwa sababu askari alikuwa bado ananitazama, na hakuna mwenye nyumba anayelia kwa ajili ya mpangaji aliyehama.