Likasi Katika Kiganja cha Germain

Kampuni ya shaba ilipoanza kuoza, kitengo cha kompyuta kilikuwa cha kwanza kunuka. Mashine kubwa zilizokuwa zikihesabu mishahara zilizimwa kwa sababu nzuri kabisa: hapakuwa tena na mishahara ya kuhesabu. Wakubwa waligawana viti vya kuzunguka na kwenda navyo nyumbani. Germain alichelewa kufika siku hiyo, akaambulia kompyuta moja kuukuu pamoja na cheo cha Mkuu wa Kitengo, kwa kuwa wenzake wote walikuwa wameshaondoka.

Tangu hapo aliishi kwa samaki. Yaani mke wake, Mélanie, alikuwa anakwenda ziwani Tshangalele kununua samaki wakavu, anawauza sokoni, na Germain anawala kwa heshima zote za mkuu wa kitengo.

Mwaka 1999 shemeji yake Firmin, aliyekuwa akiosha vyombo Brussels na kuandika nyumbani kuwa yuko "mambo ya hoteli", alimtumia kifurushi. Ndani mlikuwa na kompyuta ya kiganjani, ndogo kama kitabu cha nyimbo za kanisa, ina kioo cha kijivu na kijiti cha kuandikia. Pamoja nayo lilikuja gazeti la Kifaransa lililosema kwamba si muda mrefu watu wote duniani watasoma mtandao huku wakitembea njiani. Germain alilisoma mpaka likachanika. Mtandao wenyewe alikuwa hajauona kwa macho. Simu za waya za Likasi zilikuwa zimekufa, nyaya zimeng'olewa na kuuzwa kama shaba, na simu ya mkononi ilikuwa habari ya kusikia kwamba Lubumbashi wakubwa wanazo. Lakini katika mji uliojaa makanisa kama Likasi, kuamini usichokiona haikuwa kazi ngumu.

Shida ya kwanza ilikuwa betri. Kile chombo kilitaka betri ndogo nyembamba ambazo hakuna duka lililokuwa nazo. Germain akakiunganisha kwa waya na betri nene za redio, akazifunga kwa mpira wa baiskeli. Kompyuta ikabebwa kiganjani, na chakula chake kikabebwa ndani ya mfuko wa sokoni.

Shida ya pili ilikuwa kazi yenyewe, na hiyo aliipenda. Gazeti lilikuja na disketi yenye programu ndogo ya kusomea kurasa. Umeme ukirudi, Germain aliketi mbele ya kompyuta kuukuu akaandika kurasa fupi fupi: mtaa gani utapata maji leo, wapi umeme umekatwa, treni imekwama wapi, samaki gani wameingia sokoni. Ukigusa neno kwa kijiti, ukurasa mwingine unafunguka. Kisha alizihamishia kiganjani kwa waya. Mtandao ukifika Likasi, alisema, kurasa zitaruka zenyewe hewani mpaka mikononi mwa watu.

"Na sasa, mbele ya mutandao kufika," Mélanie aliuliza, "nani atasoma?"

"Minye."

"Weye si unajua tayari?"

Germain aliinama chini ya meza. Alikuwa anatafuta waya.

Habari ilimfikia Barnabé, bourgmestre wa commune yao, yaani meya wa sehemu ile ya mji. Neno Internet alikuwa amelisikia kwenye mkutano Lubumbashi, akaona aibu kuuliza maana yake. Akamwita Germain ofisini.

"Papa Germain, banasema uko na Internet mu nyumba."

"Haiko Internet, Mukubwa. Ni kurasa tu. Zinangojea Internet."

"Njo ile ile. Commune yangu itakuwa ya kwanza mu Katanga."

Wiki hiyohiyo kamati ikaundwa. Ilikuwa na rais, ambaye ni Barnabé, na makamu watatu, na mshauri wa makamu, na mlezi wa kiroho, Pasta Stanislas. Germain aliitwa msaidizi wa kiufundi. Katika orodha jina lake lilikuja baada ya msimamizi wa viti.

Kamati iliamua kwamba ukurasa wa kwanza ubebe picha ya bourgmestre. Kioo kile kilijua nyeusi na nyeupe tu, wala hakikujua rangi ya kati, na Barnabé akatokea kama mfuko wa simenti ya Kakontwe ulionyeshewa na mvua. Mwenyewe alisema picha inaonyesha uzito wa mtu. Picha ikala nusu ya nafasi.

"Programu hii inabeba maneno kidogo tu," Germain aliwaeleza. "Kama tunaongeza majina ya wakubwa, kitu kingine itatoka."

"Basi toa maji," akasema Barnabé.

Maji yakatolewa. Katika mkutano uliofuata ukatolewa umeme, ambao kwa kweli ulikuwa umezoea. Treni ikampisha mshauri. Samaki walipigana kidogo, lakini mwisho walitupwa ili makamu wa pili aandikwe pamoja na digrii aliyokuwa bado anaitafuta. Mtandao wa Likasi ukawa umebaki na watu wale wale ambao kila mtu Likasi alikuwa anajitahidi kutokutana nao.

Likabaki jina la rais mwenyewe. Barnabé alijitungia sifa: *Bourgmestre Barnabé, mwenye kula na maskini sahani moja.* Tena, kwa kuwa macho yake yalikuwa mabovu na miwani aliikataa isije ikamzeesha, alitaka herufi kubwa.

"Zikiwa kubwa, Mukubwa, kioo itajaa mbele ya maneno kuisha."

"Weye unajua mashini. Minye najua raia."

Germain alirudi nyumbani, akafanya kama alivyoagizwa, akaijaribu. Akaona mahali sentensi inapokatika. Akampa Mélanie asome. Mélanie alisoma, akarudi kusugua sufuria yake, mabega yakimtikisika.

"Utamwambia?"

"Nilishamwambia," Germain akasema, na usiku ule alilala vizuri.

Jumamosi uwanja wa commune ulijaa. Kwaya iliimba, viti vya mbele vikakaliwa na wale waliozaliwa kwa ajili ya viti vya mbele. Barnabé alikishika chombo juu, na nyuma yake makamu wa kwanza alitembea na mfuko wa betri, kama msichana anayeshika shela ya bibi harusi. Kisha chombo kikapewa Pasta Stanislas, ili maneno ya kwanza ya mtandao yasomwe na sauti yenye upako. Pasta akashika kipaza sauti.

"Bourgmestre Barnabé," akasoma, "mwenye kula."

"Amina," watu wakaitika kwa mazoea.

Pasta aligeuza chombo huku na huku, akitafuta maneno yaliyobaki.

"Guza ku chini, Pasta," Germain alimwambia polepole.

Pasta akagusa juu. Ukurasa ukaanza upya. Akadhani amekosea, akasoma tena, taratibu na kwa nguvu: "Bourgmestre Barnabé, mwenye kula."

Amina ya safari hii ilitikisa mabati ya nyumba za jirani. Haikuwa tena ya mazoea. Mama mmoja wa kwaya alikaa chini akajifunika uso kwa kitenge. Barnabé, aliyekuwa anaitikia kwa kichwa tangu mwanzo, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kutabasamu.

Chombo kikakamatwa kama mali ya commune, kikafungiwa kabatini. Makamu wa kwanza akachukua betri kwa ajili ya redio yake. Mgeni mkubwa alipokuja kutoka Lubumbashi na bourgmestre akataka kumwonyesha mtandao, kioo kilikuwa kijivu kitupu, hata betri ziliporudishwa. Akaitwa Germain.

"Imekufa?"

"Haikufe, Mukubwa. Imesahau. Ikikosa betri, inasahau yote."

Wakamrudishia, kwa kuwa kitu kilichokuwa kimemsahau bourgmestre hakikuwa na faida kwa serikali. Mwaka uliofuata Barnabé alipandishwa cheo. Jina la Mwenye Kula likahama naye.

Germain aliandika upya kurasa zake, maji, umeme, treni na samaki, akawa anakaa asubuhi kando ya meza ya Mélanie sokoni. Watu walikuja kuuliza kama maji yatafika kwao leo. Alitoa kijiti, akagusa kioo, akajibu, na kabla hawajaondoka Mélanie akawauzia samaki.

"Bintu byote biko mu kichwa yako," Mélanie alimwambia siku moja. "Zima ile mashini, chunga betri."

Germain alikubali, akaificha mfukoni. Mama wa kwanza alikuja kuuliza habari za maji, naye akamjibu kutoka kichwani: leo yanafika, baada ya chakula cha mchana. Mama yule alimtazama, akatazama mikono yake mitupu, akaenda kumuuliza mtu mwingine.